Juu Usiguse

Raya, mdogo wangu wa tumbo moja, ndiye aliyenitengenezea tovuti ya kuuzia mananasi ya Kiwangwa. Akanifundisha na JavaScript kidogo, lugha ya kuandikia mistari inayouamuru ukurasa.

“Dada, mistari yako iweke chini kabisa, kabla ukurasa haujafungwa, ili picha zitangulie kuonekana. Huko juu usiguse, utaharibu.”

Nikatii, tena nikawa namsifia kwa watu.

Miezi mitatu simu yangu haikulia. Leo mteja wa Mapinga kanishukuru kwa mzigo ambao sikuupeleka mimi. Nikarudi nyumbani mbio, nikafungua huko juu nilikokatazwa. Mistari sita! Kazi yake ni kuondoa namba yangu ya simu na kuweka nyingine kila mteja anapofungua ukurasa. Kwenye simu yangu tu ndiyo haibadiliki. Mshenzi yule! Kumbe alijua nitachungulia.

Namba yenyewe sikuitambua. Nikaipiga kwa simu ya jirani, matusi yote yako mdomoni.

“Mananasi ya Kiwangwa, karibu mteja,” sauti ikaitika.

Alikuwa mama yetu mzazi.

Ulimi ukafuata mazoea: “Shikamoo, mama.”

Nikangoja marahaba. Simu ikakatwa.