Baridi ya Shemeji

Saa tisa alasiri, joto la ghala la mizigo la uwanja wa ndege likitosha kuivisha ndizi, mpimaji alikipandisha kizimba cha mbwa juu ya mizani. Kilo thelathini na moja. Aliandika, kisha akachukua kitambaa na kupangusa barafu iliyoota kwenye nondo za kizimba.

Mwenye mbwa, mwalimu mstaafu aliyekuwa anahamia kwa bintiye ng'ambo, alichungulia ndani. Marehemu mumewe ndiye aliyempa mbwa jina la Shemeji, kwa sababu hakukosa wakati wa kula na hakuonekana wakati wa kuosha vyombo. Sasa Shemeji alikuwa anatetemeka, sharubu zimeganda nyeupe.

"Ana nini?"

"Ameanza kuisikia baridi ya huko juu," mpimaji alisema. "Huwa hivyo kwa wale ambao rubani hataambiwa kwamba wamo."

Akaeleza bila haraka, kama anayemwelekeza mgeni msalani. Kila mnyama ana hati yake. Tarishi humpelekea rubani, na rubani akishaisoma hufungulia hewa ya moto upande wa mizigo. Tarishi alistaafu miaka miwili iliyopita. Tangu hapo msimamizi hutia saini mwenyewe mahali pa rubani, na hati huziweka kwenye droo.

"Na hao wengine walifika?"

"Kufika walifika, mama. Ila si wazima."

Hata siku alipoitwa hospitali kwa ajili ya mumewe, mwalimu hakuogopa hivi. Alimwendea msimamizi kwenye meza yake.

"Shikamoo, mama. Hati yako imeshasainiwa."

"Rubani hajaiona."

"Kawaida ni kama sheria, mama yangu."

"Basi nirudishieni mbwa wangu."

"Ameshagongewa muhuri wa kutoka. Kwa sasa yuko nje ya nchi."

Wote wawili walimtazama Shemeji, hatua kumi kutoka hapo, akigonganisha meno.

Mwalimu alirudi kwenye mizani. "Hakuna njia yoyote?"

"Kuna wanaoichukua baridi wenyewe," mpimaji alisema. "Lakini ukishaichukua haikutoki tena."

"Liwalo na liwe."

Alipenyeza viganja katikati ya nondo. Baridi ilimpanda viwikoni, mabegani, ikamkaa kifuani. Shemeji alishusha pumzi na kumlamba vidole. Ulimi wake ulikuwa wa moto.

Angani walikaa muda wa saa kumi na moja. Kila mara ndege ilipotikisika, mwalimu alijiuliza kama aliichukua baridi yote, au kidogo ilisalia chini ya makucha. Mhudumu alimletea blanketi, akaongeza la pili, akapangusa barafu kwenye mkono wa kiti na kumuuliza kama angependa chai.

Walipotua, Shemeji alitoka akitikisa mkia. Binti alimkumbatia mama yake, akashtuka kidogo, akavua koti lake na kumvisha.

"Mama, mikono yako!"

"Ndiyo hiyo sasa, mwanangu. Utaizoea."

Ofisa wa mapokezi alimkagua mbwa, akaikagua saini ya rubani, akaandika: amefika mzima, utaratibu umefuatwa.

Taarifa hiyo ilimfikia msimamizi wiki iliyofuata. Aliiambatisha kwenye barua ya kuomba nafasi ya tarishi ifutwe kabisa, kwa kuwa kazi inakwenda vizuri bila yeye. Ombi lilikubaliwa.