Kamba ya Mithika na Tepu ya Kaari

"Umesema mwenyewe, Mama Kinya. Tisini na mbili. Hakuna aliyekulazimisha."

"Nilisema, na nitasema tena. Nilipima ili nijue nilete miche mingapi ya nduma. Sikupima ili nikupe kesi."

"Basi una mita thelathini na mbili zaidi yangu. Mimi nina sitini. Sitaki zote. Nipe kumi na sita tu, tuwe sawa."

Kaari akatua gunia la miche kwenye nyasi. Mithika, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa amesimama ng'ambo ya kigingi cha mpaka, mikono kiunoni. Kigingi chenyewe walikuwa wamekipigilia pamoja asubuhi ile ile. Mama mkwe alikuwa amechoka kulima bondeni, akasema ukingo wa kijito ugawanywe nusu kwa nusu. Mithika akaleta kamba yake ya mita kumi, ile ya kufungia nyasi za ng'ombe, wakaivuta kona hadi kona kutoka daraja la mbao mpaka kwenye mkuyu. Ikaingia mara kumi na mbili. Sita zako, sita zangu. Wakapeana mikono.

Sasa mita kumi na sita zingemeza kona yote ya matope, mahali pekee ambapo maji hayakauki hata Septemba. Bila kona hiyo Kaari angebaki na kokoto, na nduma, jamii ya majimbi, hazioti kwenye kokoto. Tena miche ilikuwa imeanza kulegea.

"Shemeji, kigingi tulikipiga wote."

"Tulikipiga kabla sijajua una mto mrefu kuliko wangu."

Nyuma yao mtu alicheka. Ni Kinya, binti yake Kaari, aliyekuwa likizoni kutoka chuo kikuu anakosomea hisabati. Alikuwa ameketi juu ya jiwe, miguu majini.

"Na wewe unacheka nini?" Kaari akauliza.

"Nyote hamjadanganya. Mama, ulipima na nini?"

"Na tepu. Nilikuwa na kingine?" Ilikuwa bado inaning'inia shingoni mwake, tepu ya mita moja na nusu aliyotoka nayo kwenye duka lake la ushonaji pale Makutano. Diploma yake na tepu hiyo zilikuwa na umri mmoja.

"Ulipita wapi?"

"Nilifuata maji, kila kakona. Mtu hapimi nguo kwa kuruka kiuno."

"Baba mdogo aliruka kiuno," Kinya akasema. "Hebu tupime upande wake kwa tepu."

"Wangu ni sitini hata ukipima kwa ulimi," Mithika akajibu, lakini akakunja suruali.

Walipima. Waliingia kila kipenyo, wakazunguka kila jiwe. Walipofika kwenye mkuyu, Kinya akataja hesabu: tisini na saba.

Mithika akaivuta tepu kwa vidole. "Hiyo tepu imevutika."

"Tepu hii ndiyo iliyokushonea sare ya kwaya. Ilikutosha au haikukutosha?"

"Ilinitosha."

Kinya akachuma jani la kangaga, mmea ule wa kivulini wenye majani kama manyoya ya ndege. Akawaonyesha: tawi moja dogo la jani lilikuwa na umbo la jani zima, na kipande cha tawi hilo kilikuwa na umbo lile lile tena.

"Mto ni hivi hivi. Kona ina kona ndani yake, na hizo zina nyingine. Kamba inaziruka. Tepu inaziingia. Ukipima kwa kijiti cha kiberiti utapata zaidi. Chuoni tunaita umbo kama hili fraktali."

"Kwa hiyo mto hauna urefu?" Mithika akauliza.

"Una urefu wa kamba na una urefu wa tepu. Kosa ni kuchanganya vipimo hivyo viwili."

Kaari alikuwa ameshapiga hesabu. Kwa tepu, Mithika ndiye aliyezidi, kwa mita tano. Angeweza kudai mbili na nusu. Mithika naye alikuwa ameliona hilo. Alikitazama kigingi kama mtu anayesubiri kofi.

"Kwa kiberiti," Kaari akamwuliza binti yake, "inaweza kutokea mimi ndiye niliyezidi?"

"Inaweza."

"Basi. Kamba ndiyo iliyoanza, kamba ndiyo itakayomaliza. Kigingi kibaki hapo." Akavua tepu shingoni, akamtupia Kinya. "Tia mkobani."

"Na zile mbili na nusu?" Mithika akauliza kwa sauti ya chini.

"Zipande nduma, shemeji. Miche inakauka na wewe unaniuliza maswali."

Akashika jembe, akachimba shimo la kwanza ubavuni mwa kigingi, akadidimiza mche, akaukanyagia tope. Mithika akavua viatu, akatwaa miche michache guniani, akainama upande wake.

"Mche na mche tuache nafasi gani?"

"Hatua moja."

"Hatua ya nani?"

Kaari akainua uso, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akacheka.

"Ya Kinya. Toa miguu majini, wewe, tembea."

Kinya akasimama, akaanza kutembea ukingoni, nao wakamfuata nyuma wakichimba mahali alipokanyaga.