Mgeni wa Mama

Kijiko kiligonga kikombe jikoni kabla ya kupambazuka, kikanyamazishwa haraka. Nikajua kifungua mimba wangu na mdogo wake wa kike wako macho, wananijadili.

"Mgeni asiguswe," mwanangu alinong'ona. "Kwa umri wa mama, tumwache tu."

"Na mama akiuliza?"

"Ataulizaje? Hajui kama kuna mgeni."

Mgeni! Nikaamka, nikafagia, nikatandika shuka safi kwenye kitanda cha pili. Binti yangu akanikuta nakung'uta mto, akaangua kilio. Nikasema moyoni, basi anayekuja ni mama mkwe wake.

Asubuhi wakanipeleka hospitali, eti kupima presha. Kulikuwa na baridi. Mwanangu akavua sweta lake akanivika. Moyo wake hauna kasoro. Tatizo ni mdomo.

"Bibi, unasikia maumivu?" daktari akauliza.

"Hasikii," mwanangu akajibu.

"Usiku unapata usingizi?"

"Analala fofofo."

"Na choo unapata?"

Mwanangu akanigeukia.

"Jibu, baba," nikamwambia. "Si wewe unayejua yote?"

Daktari akaficha kicheko kwa kikohozi. Nami nikapata nafasi. "Daktari, hawa wana mgeni wasiyetaka aguswe. Nimeshamtandikia kitanda. Ni nani?"

Daktari akawaomba watoke.

"Familia imeshaamua," mwanangu akasema.

"Mimi sijamsikia mgonjwa."

Walipotoka, daktari akasogeza kiti, akanishika mkono. Akaniambia vipimo vya mwezi uliopita vilionyesha nina saratani ya titi. Bado ni ndogo; upasuaji unaweza kuiondoa, ingawa kwa umri wangu una hatari zake. "Wewe unataka nini, bibi?"

Nikalia kidogo. Hakunihimiza.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," nikasema. "Huyu mpe kisu."

Watoto waliporudi, mwanangu alikuwa na machozi. "Mama, tuliogopa utakata tamaa."

"Najua, baba. Lakini titi hili mliazima tu kunyonya. Leo mnalipigia kura?"

Nilipozinduka wodini baada ya upasuaji, mwanangu alikuwa kando ya kitanda. Muuguzi akauliza, "Bibi anaumwa wapi?" Akafungua mdomo, akaufunga, akanitazama mimi. Nikajibu mwenyewe. Yeye akachukua mafuta, akanikanda miguu taratibu mpaka wageni walipoambiwa watoke.

"Kesho njoo tena, baba," nikamwambia. "Ukiwa bubu unapendeza."