Akidi ya Wasiorudi

Kosa lilikuwa la neno moja, na msimtwishe karani mzigo wote. Kisiwani kwao, mtu akipotea majini na mwili usionekane, haisemwi amekufa. Inasemwa hajarudi. Na mchana kutwa mlango wa mbele wa nyumba yake haufungwi, hata pasiwe na mtu ndani. Sasa karani alikuwa mtu wa kuja. Alipita nyumba kwa nyumba na fomu za mpango wa kisiwa, akiuliza mume yuko wapi anajibiwa hajarudi, naye akaandika: mkazi, yuko safarini. Angeandika nini, maskini?

Ndivyo watu tisa waliopanda boti kufuata saruji bara, miaka mitatu iliyopita, walivyoingia kwenye orodha ya wanaotakiwa kuamua kisiwa kitaishi vipi.

Siku ya kikao, darasa la shule ya mtaa wa juu lilijaa hadi madirishani. Fundi cherehani alikaa benchi la mbele na mama mkwe wake, bega kwa bega, maana wawili hao walikuwa hawaachani tangu mwanamume wao, mume wa huyu na mwana wa yule, apande boti ile. Fundi alikuwa na shida moja tu, nayo ni maji. Visima vya mtaa wa chini vilikuwa vimeingia chumvi, presha ya mama mkwe haikushuka kwa dawa wala kwa dua, na muuguzi wa zahanati hakumung'unya maneno: mwaka mwingine wa maji yale, bibi hataumaliza. Mpango ungeleta matangi ya maji ya mvua mtaa wa juu. Wa chini wangehamia huko, nyumba zao zivunjwe, ufuo upandwe mikoko. Mtaalamu aliyetoka bara alikuwa ameshaeleza yote hayo kwa ramani na kwa upole. Usipopitishwa leo, matangi yanakwenda kisiwa kingine.

Kisha akahesabu watu. Hamsini na sita.

"Akidi haijatimia," akasema. "Orodha ina watu tisini na watatu, tunatakiwa theluthi mbili. Hawa tisa walio safarini wanarudi lini? Tunaweza kuwasubiri mpaka alasiri."

Mwenyekiti, mwenye duka aliyekuwa na maneno mengi kuliko bidhaa, safari hii akachagua machache. Akamnong'oneza mtaalamu, na mtaalamu akavua miwani.

"Poleni sana. Basi tuwafute. Wakifutwa wote tisa, hamsini na sita mnatosha kamili. Ila ndugu lazima atamke mwenyewe, iandikwe kwenye muhtasari. Aseme tu kwamba amekufa."

Aseme tu! Huyo hajawahi kumpakulia chakula mtu asiyekuwepo.

Alianza mwashi. "Kaka yangu amekufa." Karani akapiga mstari kwa rula. Na kule mtaa wa chini, ambako hakukubaki mtu, mlango ukajifunga kwa kishindo kilichofika hadi darasani. Upepo haukuwepo, hata karatasi mezani hazikutikisika.

Watu walitazamana. Akasimama mama wa mapacha. "Baba watoto amekufa." Mlango wa pili. Ilipofika wa tano hakuna aliyejifanya hajasikia. Kila mmoja aliujua mlango wake kwa mlio wake, na ukishafungwa alikaa chini akalia, kilio cha mtu aliyetua mzigo. Kwa mtaalamu, ilikuwa milango tu.

Nane. Macho yote yakamgeukia fundi cherehani.

"Usithubutu," mama mkwe akanong'ona.

"Mama, maji yale yatakuua."

"Yaniue. Mwanangu hajarudi."

"Na wewe ukiondoka, mimi nibaki na nani?"

Fundi aliitazama miguu ya bibi iliyovimba ndani ya kandambili, akaogopa kuliko alivyoogopa siku boti ilipochelewa. Wenzake wanane walishasema na walishajibiwa. Yeye nani hata mumewe awe tofauti? Akasimama.

"Mume wangu amekufa."

Karani akapiga mstari. Wote wakatega masikio.

Kimya. Mtu akakohoa, akanyamazishwa. Wakangoja kama wanavyongoja waumini kuitikia dua. Mlango wa fundi cherehani ulikuwa mzito, wa mbao ngumu, bawaba zake zikilia husikika hadi shuleni. Haukulia.

"Labda umekwama," mwenyekiti akasema. Hakuna aliyecheka.

"Akidi imetimia," akasema mtaalamu. "Tuendelee. Wanaokubali mtaa wa chini uvunjwe?"

Fundi alikuwa ameshafika mezani. "Mrudishe," akamwambia karani. "Mume wangu, mrudishe kwenye orodha."

"Nimeshapiga mstari, dada. Na wewe ndiye uliyesema."

Akamgeukia mama mkwe. Bibi hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomvunja. "Kimbia nyumbani, mwanangu," bibi akasema. "Akifika asikute tumesema hivyo halafu hakuna mtu."

Fundi akatoka mbio kuteremka mtaa wa chini. Nyuma yake darasani mikono ilikuwa inanyooshwa, na mtaalamu alikuwa anaihesabu.