Ini la Mwenyekiti Laomba Mlenda

Kwaru, kwaru, kwaru. Raheli alidhani ni panya kwenye sufuria la wali. Alipoingia jikoni alilikuta ini la mume wake limekaa kwenye kigoda, linajikwangua mafuta kwa kijiko.

"Za saa hizi, mama Magreti," likasema.

"Nzuri. Usinichafulie jiko."

Ulikuwa mwaka wa pili tangu watu wa upande wa Tindiga wahamishiwe kijiji cha ujamaa, na mume wake, Thadeo, ndiye mwenyekiti. Wageni wa serikali hawakukatika: wengine walitoka Kilosa, wengine walipita wakienda Mikumi kutazama tembo. Kila walipofika alichinjwa ng'ombe wa Kitashu, mfugaji. Wanakijiji walikula ugali kwa mlenda. Thadeo alikula nundu pamoja na wageni. Kumtengea mgeni mlenda ni aibu, na nyumba yake haikukosa mgeni, basi mlenda haukumgusa mdomo.

Ini lilieleza shida yake taratibu. Lilikuwa likitengeneza nyongo ya kusagia mafuta. Nyongo ikimaliza kazi tumboni ilirudi kwake ileile, kwa hiyo halikuhitaji kupika nyingine, na lehemu, yaani mafuta yanayoganda mishipani, ikazidi kurundikana kwenye damu. Ule utelezi wa mlenda ungeinasa nyongo na kutoka nayo nje. Hapo ini lingelazimika kuichota lehemu kwenye damu ili lipike nyongo mpya.

"Mwenyekiti ni hodari wa kuhamisha watu," likasema. "Mimi naomba ahamishe nyongo tu."

Raheli alishachoka kusema. Siku hizi Thadeo alibanwa kifua hata kwa kupanda ngazi mbili za ofisi. Kila alipomsogezea bakuli la mlenda, mume alimuuliza kama anataka mwenyekiti aonekane na utelezi kidevuni.

Jioni hiyo ini lilitoka likaketi mkekani katikati ya wageni. Wakasogea kando, wakalipa nafasi. Thadeo akaliambia lifuate utaratibu, lipeleke ombi kwenye mkutano wa kijiji.

Mkutano ulikaa kesho yake. Ukapitisha kwamba wanakijiji wote wale mlenda kila siku kwa faida ya maini yao, isipokuwa mwenyekiti, kwa sababu ya wageni. Watu wakapiga makofi. Kitashu, mkononi ana kamba ya dume jingine, akauliza kama ini la dume lake nalo litapewa nafasi ya kusema. Mchana ini hilo la dume lilikuwa juu ya makaa.

Thadeo alikula mpaka jasho likamtoka, kisha akajinyoosha mkekani, kiganja kifuani. Raheli akaliokota ini la mumewe pembeni mwa sinia, akalisuuza kwa maji ya mtungi. Lilikuwa zito kuliko jana.

"Rudi ndani ukafanye kazi," akaliambia. "Na siku akifa huyu, mwenzangu, wewe nitakuzika peke yako, kwenye tuta langu la mlenda."