Misumari Saba ya Šefkija

Siku ya tisa ya ukungu jirani yangu Šefkija aliamua kutundika nyama yake, na mimi ndiye niliyekuwa mtu wa mwisho duniani mwenye haki ya kumzuia.

Kati ya ua wangu na wake pana kapidžik, kijimlango cha mbao ambacho majirani wa bonde letu hupitia ili wasizunguke barabarani. Miaka thelathini na moja nilipita hapo na kibirika cha kahawa mkononi, nikiwa na jambo la kusema au sina. Novemba ya mwaka jana Šefkija alikigongomea misumari saba. Niliihesabu nikiwa jikoni, msumari mmoja baada ya mwingine.

Alikuwa na sababu. Bustanini kwangu kuna kisanduku cheupe chenye vipima joto, kazi niliyorithi kwa marehemu mume wangu Ragib. Nasoma mara tatu kwa siku, na kila asubuhi redio ya mkoa hunipigia simu ili niwaambie watu hali ya bonde letu. Basi mwaka jana nikasema hewani, kwa sauti ya mtu anayejua: "Baridi kavu imefika, tundikeni." Huku kwetu kila nyumba hukausha nyama ya ng'ombe kwa moshi na baridi ya mwisho wa vuli. Baridi ikiwa kavu, nyama inakuwa tamu mpaka majira ya kiangazi. Baridi ikiwa ya ukungu, inaota kuvu. Ragib hakutamka neno "tundikeni" kabla ya kupanda mlimani, juu ya ukungu, akiwa na kipima joto mfukoni. Mimi magoti yaliniuma, nikakaa karibu na jiko nikabahatisha. Ukungu ulirudi ukakaa siku kumi na moja. Nusu ya ng'ombe wa Šefkija ilifukiwa nyuma ya kibanda chake cha moshi.

Wengine walinitania wakasahau. Yeye hakusahau, na mimi badala ya kuomba radhi nikalaumu mawingu. Nina kiburi, najua. Mama alikuwa akisema kingenitosha mimi na dada zangu wote.

Sasa mkewe, Munira, alikuja kwa kuzunguka barabarani, kilemba kimelowa ukungu.

"Hasnija, shoga yangu, anatundika kesho. Anasema kipima joto kinasoma nyuzi moja, na baridi ni baridi."

"Baridi gani hiyo? Hayo ni maji yaliyovaa koti! Mwambie asubiri. Utabiri wa mkoa unasema baridi kavu inaingia Alhamisi."

"Mwambie wewe."

"Nimwambie kupitia wapi, kwenye tundu la msumari?"

Munira hakucheka. "Nyama ina siku kumi na mbili kwenye maji ya chumvi. Akichelewa sana itazidi chumvi, haitalika. Na mwaka jana pia ulisema baridi kavu." Aliyasema kwa upole, na upole wake uliniuma kuliko matusi.

Alipoondoka nilikaa nikikitazama kile kijimlango. Nyama yake ikioza mwaka wa pili, hakitafunguka tena maishani mwangu. Nikavaa viatu vya Ragib, vinanipwaya lakini havitelezi, nikatia kipima joto mfukoni.

Nilipanda saa nzima nikiyasema magoti yangu vibaya. Mara ukungu ukaisha ghafla, nikatokeza juani kama mtu anayetoka kisimani. Chini yangu bonde zima lilikuwa jeupe, mnara wa msikiti tu ndio uliotoa ncha. Juu huku nyuki wa mtu walikuwa wakiruka, mwezi wa Novemba! Nilivua koti. Nyuzi kumi na tatu. Chini kwetu ni moja. Ragib alikuwa akisema, joto likikaa juu ni kifuniko kwenye sufuria, mvuke hauna pa kutokea. Kifuniko kilikuwa bado kipo.

Nilirudi nikasimama kwenye uzio. Šefkija alikuwa akipasua kuni.

"Jirani! Usitundike kesho!"

Hakuinua kichwa. "Nani anasema? Wewe au magoti yako?"

"Nimepanda mlimani leo."

"Umechelewa mwaka mmoja," alisema, akaangusha shoka.

Sikulala vizuri. Asubuhi ya Jumatano redio iliponipigia, nilisoma kwanza namba zangu: nyuzi moja, ukungu mzito, hakuna upepo. Mtangazaji akaanza kunishukuru, nikamkatiza.

"Ngoja, mwanangu, sijamaliza. Mwaka jana niliwaambia mtundike, na sikuwa nimepanda mlimani. Nilikaa jikoni nikabahatisha. Jirani yangu alifukia nusu ya ng'ombe kwa sababu yangu, na sikumwomba msamaha hata siku moja. Namwomba leo, mkoa mzima ukisikia. Leo msitundike. Napanda tena, nitawaambia nilichokiona kwa macho yangu."

Mtangazaji alikohoa, akaweka muziki.

Uani kwa jirani redio ilikuwa ikilia, naijua sauti yake. Ikazimwa. Nilingoja neno, hata tusi. Nikawa nachungulia uzioni. Mpaka adhuhuri kibanda chake cha moshi hakikutoa moshi, na pipa la nyama ya chumvi lilikuwa bado na jiwe la kuigandamizia. Nilipoliona lile jiwe nilitaka kulia.

Baada ya adhuhuri nikapanda tena. Safari hii jua nililikuta limefifia, na upepo wa kaskazini uliniziba masikio. Nyuki hawakuwapo. Kipima joto kilishuka mbele ya macho yangu: tatu, mbili, sifuri, moja chini ya sifuri. Pembeni mwa bonde ukungu ulikuwa ukichanika vipande vipande. Nilipiga kelele peke yangu mlimani, mjane wa miaka sitini na minne, "Njoo, baridi, njoo, karibu!"

Nilishuka nusu nikikimbia. Niliwapigia redio, kisha nikauegemea uzio sina pumzi.

"Kesho alfajiri! Tundika kesho alfajiri!"

Šefkija alinitazama, kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana. Akatazama viatu vya Ragib miguuni pangu, vyenye matope hadi kifundoni. Akaingia ndani.

Alhamisi niliamka kabla ya adhana. Dirisha lilikuwa na jalidi, na nyuma ya jalidi kulikuwa na nyota, nyota kwelikweli, baada ya siku kumi. Nikatoka kwenda kwenye kisanduku. Nyuzi sita chini ya sifuri, hewa kavu inakwaruza koo. Ndipo niliposikia chuma kikilia kwenye mbao.

Šefkija alikuwa amepiga goti kwenye kapidžik na koleo mkononi, taa ya kichwani inawaka. Msumari mmoja alikuwa ameshautia mfukoni, wa pili anaung'oa.

"Unafanya nini?" niliuliza, maana sikuwa na la akili zaidi.

"Nimeishiwa misumari ya kutundikia nyama," alisema bila kunitazama. "Duka limefungwa."

"Duka linafunguliwa saa moja."

"Nyama haiwezi kungoja mpaka saa moja. Si umesema alfajiri?"

Nikasogea karibu. Akang'oa wa tatu, wa nne, wa tano, wa sita. Wa saba ulimshinda, akaegemea kwa uzito wake wote.

"Huu unang'ang'ania kama wewe," alisema.

"Pisha." Nilishika koleo juu ya mikono yake, tukavuta wote wawili, ukatoka. Kijimlango kikafunguka chenyewe upande wangu.

Alisimama kizingitini akipangusa magoti. "Kahawa ipo?"

"Ipo," nikasema. "Imekungoja mwaka mzima, acha niipashe moto."