Pemba ya Mama Limi

Maneno yalianzia bombani. Ndoo zikiwa kwenye foleni, mwanamke mmoja akasema kwamba pemba anayouza Mama Limi, ule udongo mweupe wanaotafuna wajawazito, haitoki tena kwenye vichuguu vya Runzewe. Inachimbwa hapa hapa, nyuma ya mwalo, dhahabu inakooshwa. Wenzake wakacheka. "Kwani tumbo la mjamzito linauliza kijiji?"

Scolastika hakucheka. Alijitwika ndoo yake akaenda zake, na neno lile likaenda naye. Akipika, lipo. Akifagia, lipo. Maana binti yake Rebeka alikuwa na mimba ya miezi sita. Ya kwanza iliharibika, na hii ndiyo nyumba nzima iliyokuwa ikiiombea. Na kila siku ya gulio, aliyemnunulia Rebeka pemba ni yeye Scolastika, kwa mkono wake.

Siku ya tatu akaona heri aende. Alimkuta Mama Limi kibarazani, anapanga vipande vya pemba kwenye sinia, mjukuu wake anatambaa miguuni.

"Mwangaluka, Mama Limi."

"Mwangaluka, Mama Rebeka. Mbona leo si gulio? Mimba inadai?"

"Udongo huu unautoa wapi?"

"Ala! Siku hizi umekuwa bwana afya?"

"Nauliza tu, dada. Bombani wanasema."

"Bombani walisema pia mimi ni mchawi. Mbona hukuja kuuliza?" Mama Limi akajipangusa mikono. "Vichuguu vya Runzewe wamevibomoa, wanafyatulia matofali. Nikae tu? Njoo uone. Sina cha kuficha."

Wakashuka bondeni, mjukuu mgongoni mwa Mama Limi. Wakapita karasha zinazosaga mawe kwa kishindo, wakapita vilima vya marudio, ule mchanga unaobaki dhahabu ikishatolewa. Chini yake palikuwa na shimo lililochimbwa vizuri kwa jembe, udongo wake mweupe na laini kama unga wa muhogo. Kwa macho, ulikuwa mzuri kuliko wa Runzewe. Lakini juu ya shimo, hatua kama kumi, vijana walikuwa wakichanganya zebaki na mchanga kwenye mabeseni, mikono mitupu, na maji waliyomwaga yalikuwa yakiteremka taratibu, ya kijivu, yakiingia shimoni.

Scolastika akakaa chini.

"Si unaona ulivyo safi?" Mama Limi akamega kipande ukingoni mwa shimo, akakitia kinywani. "Mama yangu alikula udongo mimba tisa. Mimi nimekula. Hata huyu mjukuu akilia nikimpa ananyamaza."

Hapo ndipo Scolastika alipochoka kweli. Angemkuta mwenzake ni tapeli, angemtukana roho ikatulia. Lakini mtu anayekula anachouza, utamtukanaje?

"Mama zetu walikula cha kichuguu, dada. Juu ya kichuguu kile hakuna aliyekuwa akimwaga zebaki."

Mama Limi akaacha kutafuna. Hakutema, wala hakumeza.

Nyumbani Rebeka alikuwa mkekani, shavu limetuna.

"Tema, mwanangu."

"Mayu, nimekianza sasa hivi!"

"Tema, nimesema."

Alipokwisha kuelezwa, Rebeka alimtazama mama yake. "Lakini aliyekuwa ananiletea ni wewe."

"Ndiyo. Ni mimi."

Akaokota vipande vilivyobaki mkekani, akavitupa chooni.

Kesho yake wakaenda zahanati. Nesi Juliana akampima Rebeka damu, akasikiliza tumbo, akasema mapigo yapo.

"Na sumu je?" Scolastika akauliza.

"Hapa hatuna kipimo chake, mama. Nitawaandikia barua ya hospitali kubwa. Kilichoingia kimeingia, tuzuie kingine. Damu yake iko chini, na mara nyingi ndiyo inayoleta hamu ya udongo. Ameze vidonge hivi." Akamgeukia Rebeka. "Mumeo anafanya kazi gani?"

"Boaz? Anaosha dhahabu."

"Dhahabu iliyoshikana na zebaki anaichomea wapi?"

"Mvua ikinyesha, jikoni."

"Jikoni hapo hapo mnapopikia?"

Rebeka akakubali. Nesi akauliza nani anafua nguo za Boaz, na maji ya kunywa wanachota wapi bomba likikauka. Kila jibu lilizaa swali jingine. Scolastika alikuja na habari ya udongo, akatoka amebeba nyumba nzima kichwani.

Mtoto bado hajazaliwa. Barua wamepeleka, majibu hayajarudi. Scolastika anahesabu wiki, na akichoka kuhesabu anapita mlango kwa mlango. Vijana wa mwaloni wanamwita Mama Zebaki. Anaitika, kisha anasema yale yale aliyofundishwa zahanati, bila kupamba:

Mwenye mimba asile udongo, wa gulio wala wa kichuguu. Hamu ikizidi, aende akapimwe damu.

Dhahabu isichomwe jikoni wala ndani ya nyumba. Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki, usisubiri kuuona.

Kikaango kilichotumika kuchomea dhahabu kisirudi kwenye chakula.

Nguo za mwaloni zisifuliwe na nguo za mtoto. Baba asimbebe mtoto kabla ya kuoga.

Anayetambaa asiachwe kwenye marudio.

Mwanafunzi asitumwe kukoroga zebaki wala kuponda mawe, hata likizo.

Maji ya chini ya mwalo yasinywewe. Kuyachemsha hakuondoi zebaki.

Madumu ya dawa za kuchenjulia dhahabu yasitiwe maji ya kunywa wala togwa, hata yakioshwa mara saba.

Mzee aliyeacha kuchimba kwa kikohozi au mikono kutetemeka asirudishwe kwenye vumbi. Apelekwe hospitali.